Telemetria: kuhesabu matumizi ya programu bila kumchungulia mtumiaji

Simu ikiganda mkononi mwa karani wa chama cha msingi kule Mbozi, msimu wa kahawa umepamba moto na wakulima wamepanga foleni mbele ya mizani, aliyetengeneza programu ile hana habari. Yuko zake Dar es Salaam, au Nairobi, au Bangalore. Karani atazima simu na kuiwasha, ikigoma tena atarudi kwenye daftari, na shauri limekwisha. Malalamiko hayatafika popote. Telemetria ni utaratibu wa programu yenyewe kupeleka taarifa kwa msanidi wake: nimeganda, ukurasa wa kupokea mzigo, toleo fulani, simu yenye kumbukumbu ndogo. Kwa kiwango hicho sioni cha kugombania.

Ugomvi unakuja taarifa zinapoongezeka. Ndani ya programu kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni yale uliyoyaandika wewe: jina la mkulima, kilo, malipo, namba ya simu. La pili ni namna ulivyoitumia: kitufe gani kinabonyezwa, ukurasa gani unachelewa kufunguka, watu wanaishia wapi wakati wa kujisajili. Telemetria inahusu hilo la pili, na msanidi anachohitaji ni jumla tu. Akijua kwamba nusu ya makarani hawagusi kabisa kitufe cha kuchapisha risiti, atakiondoa au atakisogeza mahali pa kuonekana. Jina la karani halimsaidii kitu. Shida ni kwamba jumla haisafiri kama jumla. Inafika kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea taarifa, kifaa kwa kifaa, kila ujumbe ukiwa na saa yake na anwani ya IP, ile namba ya muunganisho wa intaneti, na mara nyingi na namba ya kudumu inayokitambulisha kile kifaa. Unaweza kupanga ujumbe wa namba moja kwa mwezi mzima ukajua mwenye simu anaamka saa ngapi na siku gani hakwenda kazini.

Kampuni ikiulizwa hujibu haraka: "Majina tumeyaondoa." Hilo ndilo jibu jepesi kuliko yote. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maswali ya utafutaji wa intaneti ya watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Haikupita muda, waandishi wa gazeti la New York Times walisoma maswali ya namba moja na kufika nyumbani kwa mama mmoja wa jimbo la Georgia. Mtaalamu Latanya Sweeney naye alikuwa ameshakadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutofautishwa kwa vitu vitatu tu: eneo la posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa.

Sasa hamishia hesabu hiyo kijiji cha ndani huko Makete. Simu janja za aina fulani ya bei mbaya zinaweza kuwa moja tu, ya mganga wa zahanati, na kijiji kizima kinamjua. Ripoti ikisema "simu ya aina hii, kata hii, ilifungua ukurasa wa dawa za kufubaza virusi saa nne usiku", jina limeondolewa kweli, lakini nani hajui ni nani? Mjini Mbeya, pale Mwanjelwa, mtu anajificha ndani ya umati. Vijijini umati haupo. Ndiyo maana mimi huwa siridhiki na sera za faragha zilizoandikwa kwa kuwafikiria watu wa miji mikubwa.

Dawa ya kwanza haina hesabu ngumu: usichukue. Kama mkoa unatosha, usichukue kata. Kama siku inatosha, usichukue dakika. Anwani ya IP itupwe mlangoni kabla ya kuhifadhiwa. Kundi likiwa na watu wachache mno, lisionyeshwe kwenye ripoti hata kidogo. Watunzaji wa lugha ya programu ya Go, walio chini ya Google, waliifuata njia hii: zana zao zinaweka vihesabio vidogo ndani ya kompyuta yako mwenyewe, unaweza kuvifungua ukavisoma, na hakuna kinachotumwa mpaka ukubali. Hilo la "mpaka ukubali" halikuwepo kwenye pendekezo la kwanza la mwaka 2023. Wasanidi walikuja juu, pendekezo likageuzwa, na mwaka 2024 toleo la 1.23 lilitoka na utaratibu wa mtu kujiunga kwa hiari.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda, na ni ya zamani kuliko simu janja. Mwaka 1965 Mmarekani Stanley Warner alitafuta namna ya kuwauliza watu maswali ya aibu na bado akapata takwimu za kweli. Nitaieleza kwa namna inayofundishwa siku hizi. Tuseme chama kina makarani 1,000 kutoka Rungwe hadi Mbinga, na msanidi anataka kujua wangapi wameshawahi kuingia kwenye mfumo kwa nywila ya mwenzao. Karani mwenye akili timamu hatakubali kujibu, maana kazi itaota mbawa. Basi kila mmoja apewe sarafu ya shilingi 500 na arushe peke yake. Ikiangukia kichwa, ajibu ukweli. Ikiangukia nyati, arushe mara ya pili: safari hii kichwa aseme "ndiyo", nyati aseme "hapana", bila kujali ukweli wake ni upi.

Meneja akimwita karani aliyesema "ndiyo" na kumfokea, karani anajibu tu: "Bosi, ni sarafu hiyo." Hakuna awezaye kumbishia. Lakini msanidi anajua tabia ya sarafu. Kati ya watu 1,000, takriban 500 wamejibu kwa bahati, na nusu yao, yaani 250, wamesema "ndiyo" ya sarafu. Zikija "ndiyo" 400, anatoa 250 na kubaki na 150 zilizotoka kwa wale 500 waliosema ukweli. Hiyo ni asilimia 30. Kwa makarani wote 1,000, wanaotumia nywila za wenzao ni kama 300. Jumla imepatikana, na hakuna karani mmoja aliyeumbuka. Kwenye programu, sarafu inarushwa na simu yenyewe kabla ya ujumbe kutoka, kwa hiyo hata seva ikiibiwa, mwizi anakuta majibu yaliyokwisha kuvurugwa.

Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake watatu waliipa kinga ya namna hii kipimo cha kihesabu, kinachosema uwepo wako kwenye takwimu unaweza kubadilisha matokeo kwa kiasi gani. Google ilianza kutumia njia ya sarafu kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2014, na Apple ikatangaza yake mwaka 2016.

Njia ya sarafu ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kuuliza kila siku. Karani akirusha sarafu upya kila asubuhi kwa miezi mitatu, wingi wa "ndiyo" zake utamsaliti, kwa sababu bahati hujisawazisha na ukweli unabaki juu. Google walizuia hilo kwa kuihifadhi sarafu ya kwanza ndani ya kifaa, ili swali lile lile lijibiwe kutoka kwenye bahati ile ile. Mtego wa pili ni uchache. Kwa makarani 1,000, kosa la kawaida la makadirio yale ni watu kama 30, jambo la kuvumilika. Kwa makarani 10, kosa ni kama watu 3, kwa hiyo watatu wa kweli wanaweza kusomeka kama sifuri au sita. Programu yenye watumiaji hamsini wa Ludewa isijisumbue na sarafu. Msanidi apande basi akawaulize.

Halafu kuna ridhaa. Niliwahi kumsikia mama mmoja Tukuyu, muuza parachichi, akimwonyesha kijana wa duka la simu maandishi marefu: "Mwanangu, nikibonyeza 'Kubali' hapa wataona hela yangu?" Kijana akasogeza maandishi kwa kidole, akasogeza tena, akachoka. "Bonyeza tu mama, ndivyo wanavyofanya wote." Simlaumu. Sentensi mbili za Kiswahili zingetosha: tunahesabu vitufe unavyobonyeza na mara ambazo programu inaganda, hatuchukui majina wala fedha zako. Ya tatu ingefaa kutaja bando, maana taarifa hizi zinasafiri kwa gharama ya mwenye simu. Msanidi muungwana huzilimbikiza na kuzituma kwa mkupuo simu inapopata Wi-Fi, na hili silioni likiandikwa mara nyingi.

Kisheria hatuko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi zinazohitajika. Anayekusanya anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chama cha msingi kinachonunua programu kina haki ya kudai, kabla ya kutia saini, orodha ya kila kinachotumwa kwenye seva, kinakaa huko kwa muda gani, na nani anakiona. Orodha hiyo ibandikwe ukutani, pembeni ya bei ya kilo.