Anjanadri: mawe ya Hanuman kwa macho ya mjiolojia

Mtu aliyezaliwa Mwanza hashangazwi upesi na mawe. Nimekulia chini ya majabali yaliyopandana juu ya mapaa ya nyumba, kisha nikasomea jiolojia na kuyafanya kuwa kazi yangu. Lakini asubuhi nilipovuka mto Tungabhadra, katika jimbo la Karnataka kusini mwa India, ukungu ukaachia vilima vya Hampi na Anegundi, nilisimama nikakodoa macho. Rangi ni ileile ya hudhurungi, mabega ni yaleyale ya mviringo, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa namna ileile inayokufanya uogope kupita chini yake. Tofauti ni kwamba pale mawe yamezungukwa na mashamba ya mpunga na minazi, si ziwa.

Wenyeji wana jibu lao kuhusu yalikotoka: yamerushwa. Wao wanaishi Kishkindha, ufalme wa nyani unaosimuliwa katika Ramayana, utenzi mkongwe wa Valmiki. Vali na Sugriva, ndugu wawili, waligombania kiti cha enzi, na mawe haya ndiyo silaha walizotupiana. Rama, mwana wa mfalme na shujaa wa utenzi huo, alipofika huku akimtafuta mkewe Sita aliyetekwa na Ravana, mfalme wa Lanka, ni Sugriva aliyekuwa mkimbizi mlimani, naye Hanuman, nyani mtumishi wake ambaye Wahindu humwabudu, akatumwa kwenda kuwasabahi wageni.

Anjanadri, kilima nilichokwenda kukipanda huko Anegundi, maana yake ni mlima wa Anjana, mama yake Hanuman. Waumini wanaamini mtoto huyo alizaliwa hapo kileleni. (Watu wa hekalu la Tirumala nao, katika jimbo jirani la Andhra Pradesh, walitangaza mwaka 2021 kwamba alizaliwa kwao, na mabishano bado ni makali. Mimi si mtu wa kuamua hilo.) Ngazi za kupanda ni takriban 575, zimepigwa chokaa nyeupe, na zinakwenda zikijipinda kati ya majabali, mahali pengine unainama ili upite chini ya jiwe. Panda mapema. Itale, yaani mwamba wa graniti, ikishapata jua la saa nne, joto lake linakurudia usoni kama la jiko, na hekaluni unaingia bila viatu. Ndizi usizishike mkononi. Nyani wa huko wanajua zinakokwenda, na hakuna mtu anayewafukuza kwa ukali, kwa sababu hao ni jamaa zake Hanuman. Wale wenye mikia mirefu na nyuso nyeusi, watu husema weusi ule ni masizi ya moto ambao Hanuman aliutia Lanka kwa mkia wake.

Nusu ya safari niliketi kivulini nikatazama jabali lililokuwa mbele yangu. Ubavuni mwake lilikuwa na ganda limebanduka, unene wa kama kiganja, limejipinda kufuata umbo la jiwe kama ganda la kitunguu. Nikapitisha kidole: chini ya ganda, chembe za feldspa, moja ya madini ya itale, zilikuwa zimepoteza mng'ao na kuwa kama unga, na zile za kwatzi, madini yake mengine, zimebaki ngumu, zinakwaruza. Sababu ya kilima kizima imo katika ganda hilo.

Itale hii iliganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, ndani kabisa ya ardhi, takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ilipozidi kukaribia uso wa dunia na uzito wa juu yake ukapungua, ilipasuka kwa nyufa za wima na za ulalo, ikawa kama matofali makubwa yaliyopangwa. Maji ya mvua yakashuka kwenye nyufa hizo. Feldspa ikikutana na maji kwa muda mrefu hugeuka udongo wa mfinyanzi. Uso wa tofali hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo pande mbili, pembe pande tatu; kwa hiyo pembe ndizo huoza kwanza, na katikati hubaki tufe gumu. Yote haya yalitokea udongoni, gizani. Baadaye mvua na mito vikafagia udongo ule laini, matufe yakabaki palepale yalipokuwa, moja juu ya jingine.

Ndiyo maana ukitazama vizuri utaona mawe mawili yaliyopandana yana nyufa zinazolingana. Yalikuwa mwamba mmoja. Hakuna aliyeyapandisha. Mwanza ni hivyohivyo, na Kit Mikayi kule karibu na Kisumu, ambako Wajaluo wanasimulia habari za mke wa kwanza, ni hivyohivyo.

Pengine utadhani baada ya hapo hadithi ya nyani haikuwa na kazi kwangu. Ilikuwa nayo, tena sana. Sugriva alijificha kwenye mlima ambao Vali hakuweza kuukanyaga kwa sababu ya laana ya mwenye hekima Matanga. Mawe yakipandana huacha mapango makavu chini yake, na mtu aliye juu anamwona kila anayevuka bonde. Ukiwa kileleni Anjanadri, mto uko chini yako, mashamba yako chini yako, na ng'ambo unaona magofu ya Vijayanagara, mji mkuu ulioanzishwa mwaka 1336 na kuangamizwa baada ya vita vya Talikota mwaka 1565. Wafalme wale walichagua mahali hapa kwa sababu zilezile za mkimbizi wa utenzini.

Lakini kilichonigusa zaidi kiko ng'ambo ya mto, karibu na kijiji cha Nimbapuram. Kuna kichuguu cha majivu yaliyogandamana, ambacho watalii wengi hawafiki. Wenyeji husema hapo ndipo Vali alipochomwa baada ya kuuawa kwa mshale wa Rama. Vichuguu vya aina hii viko vingi katika nyanda hizo, na watafiti wa karne ya 19 walivibishania sana. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Raymond Allchin alichimba kimoja huko Utnur, akaonyesha kwamba lilikuwa zizi: wafugaji wa zama za mawe walirundika samadi ya ng'ombe wao, wakaichoma, wakairundika tena, wakachoma tena.

Nilipiga magoti nikatazama kwa lenzi. Kipande chake ni chepesi, kimejaa vitundu, na mahali pengine kinang'aa kama kioo cha chupa. Majani yana silika ndani yake, madini yaleyale ya mchanga na kioo. Ng'ombe akiyala silika inabaki kwenye samadi, na moto ukiwa mkali wa kutosha silika hiyo huyeyuka pamoja na chumvi za majivu, ikaganda hivyo. Udongo wa kawaida wa huko hauna sura hiyo hata kidogo. Kwa hiyo yule aliyesimama hapa kwanza, pasipo lenzi wala maabara, akasema huu ulikuwa moto, tena moto mkubwa kuliko wa kuchoma mtu wa kawaida, alikuwa ameshalitazama jiwe kwa makini kama mimi. Nikakirudisha kipande pale nilipokitoa, nikapangusa magoti vumbi la kijivu.