Stempu za Bata na Ardhi Oevu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kilwa, mkoani Lindi, imo katika eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa, lililoingia mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Si ajabu wakusanyaji wa stempu wa huku kusini kupenda picha za ndege wa majini. Ila kuna maneno kadhaa yanayopotosha.

"Stempu yoyote yenye ndege inasaidia ardhi oevu."
Hapana. Picha ya heroe au korongo peke yake haipeleki hata senti kwenye kinamasi. Stempu ya kawaida ni nauli ya barua. Inayosaidia ni ile iliyowekewa kisheria utaratibu wa kuchangia, kama stempu ya bata ya Marekani. Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria yake mwaka 1934, na ya kwanza, iliyochorwa na Jay "Ding" Darling, iliuzwa dola 1. Siku hizi ni dola 25, na senti 98 za kila dola huingia mfuko wa kununua na kukodi makazi ya ndege wa majini.

"Hata nikinunua ya zamani nachangia."
Hapa ndipo wengi wanapokosea, na inasikitisha kwa sababu nia yao ni njema. Mchango hupatikana mara moja tu: stempu inapouzwa mpya na mamlaka au wakala wake. Ukinunua ya mwaka 1960 kwa muuzaji, umeneemesha biashara yake tu. Nunua ya msimu huu, unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Stempu hii ni ya wawindaji wa bata, lakini si lazima uwe mwindaji ili kuinunua.

"Ina bei, basi itasafirisha barua."
Haisafirishi. Stempu ya bata ni ya ushuru: mwindaji wa bata mwenye miaka 16 au zaidi huwa nayo, na ile ya karatasi huisaini kwa wino juu ya picha.

"Yenye saini imeharibika."
Imetumika, haijaharibika. Bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya safi, kwa hiyo inamfaa anayeanza. Usijaribu kufuta saini; dawa hula na rangi za picha.

"Loweka, gundi itoke."
Kwa stempu za bata zisizotumika, usithubutu. Kuanzia toleo la 1954, maandishi ya nyuma yamechapwa juu ya gundi, kwa hiyo gundi ikiyeyuka yanaondoka nayo. Maji ni ya stempu za kawaida zilizo kwenye bahasha. Kata bahasha ukibakiza sentimita 1 pembeni mwa stempu, tia kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, na usubiri iteleze yenyewe; ukiivuta, karatasi inachanika mgongoni. Bahasha ya rangi iloweke peke yake, la sivyo itazichafua nyingine.

"Albamu nzuri inatosha."
Kwa hewa ya Mtwara mjini au Lindi, haitoshi. Gundi hunyonya unyevu, stempu ikagandana na ukurasa. Madoa ya kahawia yanayofuata ni kuvu. Isimamishe albamu, usiilaze chini ya vitabu vingine, na iweke mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Weka vifuko vya silika vile vya kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikishanyonya unyevu. Plastiki laini yenye harufu kali iepuke, na usilamineti kabisa: joto linaiunganisha stempu na plastiki, haitoki tena. Shika stempu kwa kibano, maana jasho la vidole huacha alama kwenye gundi.