Kompyuta Kuukuu Husingiziwa Mengi

Kompyuta mpakato ikishakula miaka minane au tisa, kila inapokosea hukumu huwa moja kati ya mbili: ina virusi, au uzee umeifikia. Mara nyingi si hili wala lile.

"Tovuti zote zinagoma, hii ni virusi."

Umeiwasha mashine iliyokaa kabatini miezi. Intaneti ipo, simu iliyo pembeni inafungua kila kitu, lakini kivinjari kinakwambia muunganisho si salama: barua pepe, benki, hata ukurasa wa kutafutia. Kabla hujalaumu virusi, tazama saa kwenye pembe ya skrini. Ukikuta inasoma 2015, tatizo umeshalipata. Ndani ya kompyuta nyingi mna kibetri cha duara, aghalabu CR2032, kinachoiendesha saa wakati mashine haina umeme. Kikifa, tarehe hurudi nyuma. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kwa kompyuta inayoamini bado tupo 2015, cheti cha leo hakijaanza kutumika. Inakikataa. Rekebisha tarehe na tovuti zitafunguka. Ikirudi nyuma tena, badilisha kibetri. Kupiga Windows upya hapa ni kazi bure, ingawa wapo mafundi wanaokimbilia huko kabla hata ya kutazama saa.

"Nimezima nikawasha, bado inasumbua, basi imekufa."

Tangu Windows 8 ya 2012, kuzima si lazima kuwe kuzima kabisa. Kiini cha mfumo huweza kuhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka, na kasoro iliyokuwemo huamka nacho. Kuristati ndiko kunakoanza upya kabisa.

"Nikifuta picha na miziki itakuwa nyepesi."

Kweli, kama diski imejaa pomoni. Kama nusu yake i wazi, umejinyima picha zako bure, maana kinacholemea ni kile kinachofanya kazi sasa hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usome asilimia za prosesa, memori na diski. Memori ya GB 4 ikimalizwa na vichupo vya kivinjari, mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, kila unapobofya unangoja. Kuweka SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, huleta nafuu ambayo hakuna programu ya "kuongeza kasi" itakayoileta. Zile zinazodai kusafisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, ndizo nisizozitaka kabisa: Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na zikifuta kisichofaa kufutwa mfumo unaweza kugoma kuwaka.

Kuweka antivirusi mbili ili ulindwe maradufu? Zinagombania faili zilezile, wewe unasubiri.

"Masasisho ndiyo yanayoua mashine za zamani, yazimwe."

Chembe ya ukweli ipo: sasisho kubwa huielemea diski ya kizamani kwa muda mrefu. Ila WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai malipo, ilipozuka Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu ililopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Shida halisi ni masasisho yanapokoma. Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, nayo Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, jambo linaloziacha nje mashine nyingi zinazofanya kazi vizuri tu. Usizitupe. Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, inaridhika na memori ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ijaribu hivyo kwanza: wi-fi inashika? Sauti inatoka? Kibodi je? Ukiridhika, nakili faili zako kwenye diski ya nje, ndipo uisakinishe.