Ufikiaji: tangazo lako limewafikia akina nani?

Ufikiaji ni idadi ya watu ambao tangazo lako limewatokea kwenye simu zao. Si idadi ya wanaokufuata, si idadi ya waliolaiki, wala si idadi ya waliopiga simu kuuliza bei. Mtu mmoja akiitazama video yako mara tano, kwenye ufikiaji anahesabiwa mara moja tu. Zile mara tano zinaingia kwenye hesabu nyingine, ya mitazamo. Wafanyabiashara wengi wadogo hapa Mwanza wanazichanganya hesabu hizi, kisha wanashangaa kwa nini video "imetazamwa sana" na mzigo bado uko dukani.

Tuseme unauza dagaa wa kukaanga pale Kirumba na una wafuasi 3,000 Instagram. Asubuhi unaposti picha. Haiwatokei wote 3,000. Mwaka 2014 Facebook wenyewe walieleza kwamba kila mtu wa kawaida anapofungua ukurasa wake, kuna habari kama 1,500 zinazoweza kumtokea, na kwa mwenye marafiki wengi na kurasa nyingi anazozifuata zinaweza kufika 15,000. Kati ya zile 1,500, mfumo ulikuwa unachagua kama 300 za kumwonyesha. Januari 2018 Mark Zuckerberg akatangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitatangulizwa, na za biashara na vyombo vya habari zitapungua. Kwa hiyo picha yako ya dagaa inagombea nafasi na picha za harusi ya binamu wa mteja wako kule Magu, na mfumo umeshaelekezwa uipe harusi kipaumbele.

Anayechagua ni algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazokisia mtu atapenda kuona nini. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema hadharani kwamba vitu vyenye uzito mkubwa ni muda ambao watu wanatumia kutazama, laiki, na watu kumtumia mwingine posti hiyo. Hilo la tatu ndilo ningependa muuzaji mdogo alishike, kwa sababu ndilo linalosaidia zaidi kukufikisha kwa watu wasiokufuata. Sasa jiulize: mtu anamtumia dada yake posti ya namna gani? Anamtumia yenye jibu ndani yake. Sato wa leo, bei kwa kilo, tupo upande gani wa soko, tunafunga saa ngapi, tunapeleka mpaka wapi. Picha nzuri yenye maneno "karibuni sana wateja wetu" haina cha kumtumia mtu.

Hapo ndipo ninapopingana na desturi ya kuandika "bei njoo DM", yaani uniulize bei kwa ujumbe wa faragha. Najua wanaoitetea wanasema komenti za "bei gani?" zinaipandisha posti. Huenda zinaongeza chache. Lakini mama aliye kazini Igoma, ana bando la siku moja na dakika mbili za mapumziko, hatakuja DM kusubiri umjibu jioni. Atampigia jirani yako aliyeandika bei. Na hawezi kumtumia mwenzake posti isiyo na bei, maana ataulizwa swali lile lile.

Lakini hata ufikiaji mkubwa una swali lake: je, mzigo wako unafika pale tangazo lilipofika? Dagaa wakavu wanasafiri. Unawafunga vizuri, unawapakia kwenye basi, mteja wa Dodoma au Dar es Salaam anawapokea kesho yake wakiwa salama. Kwa muuzaji huyo, mtazamaji wa Dar ni mteja kamili. Anayeoka keki Nyegezi ni habari nyingine. Keki inakwenda na bodaboda, na bodaboda ina mwisho wake. Keki ikipendwa na watu 5,000 wa Dar es Salaam, mwokaji hajauza hata kipande. Yeye anahitaji watu 200 wa Nyegezi, Mkolani, Buhongwa na Butimba, na akiwapata hao, hesabu ndogo ya ufikiaji isimkoseshe usingizi. Ukitumia akaunti ya biashara Instagram, sehemu ya takwimu inakuonyesha miji ya watu waliofikiwa. Iangalie hiyo kabla ya kuangalia jumla.

Suala la mahali ndilo linaloumiza zaidi wanaolipia matangazo. Ukilipia Facebook au Instagram unaweza kuchomeka pini kwenye ramani na kuchora duara: waliomo ndani waonyeshwe. Kwa mji usiopakana na ziwa wala bahari duara linafaa. Kwa Mwanza linahitaji uangalifu, kwa sababu duara halijui maji. Chora la kilomita 40 kuanzia mjini kati, utaona linakula ziwa, na upande wa magharibi linavuka Ghuba ya Mwanza hadi Sengerema. Kwenye ramani mtu wa Sengerema anaonekana jirani yako. Kwa mguu wa mteja, kuna kivuko cha Kamanga au kuzunguka hadi Kigongo na kuvuka kwenda Busisi kwa daraja lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Daraja limerahisisha mengi, na muuza vitenge au vipuri vya pikipiki anaweza sasa kulenga Sengerema kwa ujasiri. Muuza chipsi hawezi. Mfumo unakuruhusu kuchomeka pini kadhaa zenye duara dogo dogo, na pia kuyatoa maeneo usiyoyataka. Tumia dakika kumi kufanya hivyo kabla hujaweka hela. Pini moja Buzuruga, moja Kirumba, moja Nyegezi, basi.

Kuhusu kununua wafuasi sitasema mengi: akaunti bandia hazitazami, hazimtumii mtu posti, hazili samaki. Algorithimu ikiona posti zako zinapuuzwa na wafuasi wako wenyewe, haina sababu ya kuzipeleka kwa wengine.

Tuje WhatsApp, maana kwa wengi hapa ndiyo duka lenyewe. Huko ufikiaji hauamuliwi na algorithimu. Unaamuliwa na kitabu cha namba. Kwa kawaida statasi yako inaonekana kwa mtu uliyehifadhi namba yake, naye akawa amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Orodha ya matangazo, ile inayokuwezesha kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi ambao hawaonani, inachukua hadi watu 256, nayo inamfikia tu yule aliyekuhifadhi. Kuna wauzaji wana namba 800 za wateja kwenye simu na statasi inatazamwa na watu 60. Ukichunguza, wateja wale walinunua mara moja, wakalipa kwa lipa namba, wakaondoka bila kuhifadhi chochote. (Mtu aliyezima tiki za bluu naye hatokei kwenye orodha ya waliotazama, kwa hiyo hesabu halisi huwa juu kidogo ya ile unayoiona.)

Kwa hiyo kazi kubwa ya kukuza ufikiaji WhatsApp inafanyika mezani, wakati wa kutoa chenji. Mwambie mteja: "Dada, nihifadhi kwa jina la duka, naweka mzigo mpya statasi kila asubuhi." Msubiri aandike. Nawe mhifadhi palepale, kwa jina na mtaa. Ndiyo maana pia namba ya biashara isibadilishwe ovyo. Ukitupa laini, umewatupa wote waliokuhifadhi. Iweke kwenye WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na ni bure. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, na sehemu ya kuandika mahali na saa za kazi.

Aliyekupa namba ili umletee oda hajakupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila siku. Muulize kwanza, na akisema inatosha, mtoe. Huo ni ustaarabu, na pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara.

Wakati wa kutangaza nao una uzito, na kwa wauza dagaa wakati huo unapangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti vizuri na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Tangazo la nguvu likitoka siku hizo, watu watakuja na utawaambia hakuna, au utawatajia bei ya juu. Afadhali bando na hela ya matangazo visubiri giza, mzigo ukiwa umejaa soko la Mwaloni. Siku za mbalamwezi waonyeshe wateja namna unavyokausha na kufungasha, au chukua oda za wiki inayofuata.

Mwisho, takwimu za simu haziwezi kukuambia nani alinunua. Daftari linaweza. Kila mteja mpya muulize ametujuaje, na uandike neno moja pembeni ya mauzo yake: statasi, Instagram, rafiki, kapita njiani. Baada ya mwezi mmoja linganisha. Ikiwa Instagram inakuonyesha maelfu ya watu na daftari limejaa neno "statasi", basi saa moja unayoitumia kila siku kutengeneza video ipunguze, uitumie kuwajibu wateja wa WhatsApp na kuhifadhi namba za waliokuja leo.