Jamani, "imefutwa" maana yake nini hasa?

Jumatatu nimekuta wazee watatu wa familia moja wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu ya uwakili, hata saa mbili asubuhi haijafika, wametoka Tandahimba na gari la alfajiri. Mkubwa wao kashika bahasha ya kaki na simu ya mjukuu wake. Kwenye simu kuna picha ya ukurasa mmoja wa hukumu ya Mahakama ya Rufani, na chini yake mtu wa grupu lao la WhatsApp kaandika HUKUMU IMEFUTWA MZEE KASHINDA HONGERENI SANA. Vijana wa nyumbani walishaingia shambani tangu juzi yake, wakaokota korosho ndoo mbili, upande wa pili ukatokea, wakapigana, na mmoja wa wajukuu yuko kituo cha polisi. (Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili wasitambulike, ila stori ndo hiyo.)

Mzee hakuwa ameshinda. Hakuwa ameshindwa pia. Na hili la watu kusikia "imefutwa" halafu wakaanza kupiga vigelegele nimelikuta mara nyingi mno, kwenye ardhi, kwenye jinai, kwenye ndoa, sasa nimechoka kulieleza mtu mmoja mmoja, acha niliandike.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Magazeti na sisi wenyewe mtaani tuna neno moja tunalitumia kwa kila kitu: mahakama yafuta kesi, yafuta rufaa, yafuta hukumu, yafuta sheria. Kwa majaji hayo ni maamuzi tofauti kabisa na kila moja linampeleka mtu njia yake. Kiswahili chetu hakijapungukiwa, kina kutengua, kubatilisha, kutupilia mbali, kuondoa shauri mahakamani, ila hatuyatenganishi, na mawakili tuna lawama hapa kwa sababu mteja akituuliza kwa simu "imekuwaje?" na sisi tunajibu hivyo hivyo, "imefutwa mzee", halafu tunakata tuingie kwenye kesi nyingine.

Tuanze na huyo mzee maana ardhi ndo inaniumiza zaidi. Alishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akashindwa Mahakama Kuu, akaenda juu. Kule majaji watatu hawakugusa kabisa swali la nani alipanda mikorosho ile. Walifungua kumbukumbu za baraza wakatafuta kitu kimoja: maoni ya wazee wa baraza, yaani wale raia wanaokaa na mwenyekiti kumshauri. Sheria ya migogoro ya ardhi, Sura ya 216, inataka mwenyekiti akae na wazee wasiopungua wawili, na kanuni za 2003 zinasema kabla mwenyekiti hajaandika hukumu kila mzee atoe maoni yake kwa maandishi, tena zinamruhusu ayaandike kwa Kiswahili. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikatoa maamuzi yaliyokaza hapo: maoni yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande za kesi, na kumbukumbu zionyeshe kwamba yalisomwa. Maoni kuwepo tu ndani ya faili haitoshi. Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku fulani wazee walisoma maoni yao na pande zote zipo, mwenendo mzima wa kesi barazani ni batili, na hukumu ya Mahakama Kuu iliyojengwa juu yake inaanguka nayo.

Kwa hiyo kilichofutwa ni njia iliyotumika kufikia hukumu. Swali la shamba ni la nani halijajibiwa na mtu yeyote, limerudi pale lilipokuwa siku ya kwanza, lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Na gharama kila mtu abebe zake, maana hoja waliiibua majaji wenyewe. Ukiingia shambani ukiwa na karatasi ya namna hiyo mkononi huna amri yoyote ya kukukabidhi shamba, polisi wakikuuliza umepewa na nani huna jibu.

Nikubali kitu ambacho siwezi kukisema nikiwa nimevaa joho. Msimamo huu unanisumbua. Naelewa sababu yake, mzee wa baraza amewekwa pale kwa niaba ya jamii, na mdaawa ana haki ya kujua alishauri nini kabla mwenyekiti hajamkatalia au kumkubalia. Hilo ni la maana. Lakini kosa la mwenyekiti kutoandika mistari miwili mitatu linabebwa na mkulima ambaye hata hajui hiyo mistari ilitakiwa iwepo, anarudi mwanzo baada ya miaka, na kesi ya shamba miaka ndo kila kitu, mipaka inasogea, mikorosho mipya inapandwa, mashahidi wanakufa. Na mimi mwenyewe nimewahi kuisimamia hoja hiyo hiyo nikiwa upande wa mrufani, nikafanikiwa, mteja akanikumbatia pale nje ya mahakama, nikamuacha akumbatie. Nilitakiwa kumwambia pale pale kwamba tumerudi mwanzo.

Mwaka huo huo wa 2018 Bunge lilirekebisha sheria ikaingia ile kanuni ya kutazama haki ya msingi badala ya kufungwa na ufundi wa taratibu, sambamba na Ibara ya 107A ya Katiba. Watu wakadhani ndo mwisho wa mambo ya taratibu. Mahakama ya Rufani haikuchelewa kusema, kwenye kesi ya kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia, kwamba kanuni hiyo haitumiki kiholela kuvunja masharti ya lazima ya kisheria. Mpaka wenyewe kati ya sharti la lazima na ufundi mtupu bado tunauvutania kila kikao, na nisingemwamini wakili anayekwambia anaujua kwa uhakika.

Haya, "rufaa imefutwa". Hapa naenda haraka. Rufaa ikisikilizwa ikaonekana haina mashiko, inatupiliwa mbali, umeshindwa. Rufaa ikiwa imeletwa vibaya, nyaraka hazijakamilika, notisi ina kasoro, inaondolewa mahakamani tu, na unaweza kurudi ukijipanga. Tofauti hii ni ya zamani, iliwekwa mwaka 1959 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Ngoni-Matengo, chama cha ushirika cha huku huku kusini, Songea. Ukiondolewa namna hiyo usikae nyumbani ukilia, ila ujue muda nao umekutupa: notisi ya rufaa ni siku 30 tangu hukumu, na ukishapitwa unaomba kuongezewa muda, na kwenye maombi hayo unahesabiwa kila siku uliyochelewa, moja moja. "Nilikuwa nasubiri msimu wa korosho nipate nauli" nimeshaijaribu, haikufika mbali.

Kwenye jinai ndo watu wanaumia kabisa. Mama mmoja wa Lindi alinipigia simu analia kwa furaha, mwanawe kafutiwa kifungo cha miaka 30. Nikamuuliza, mama yangu, mwisho pale wameandika aachiwe? Akasema hajui, kaambiwa tu kifungo kimefutwa. Nikaitafuta hukumu mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII zinawekwa bure, nikashuka moja kwa moja mpaka aya ya mwisho. Majaji wakimwachia mtu wanaandika aachiwe mara moja labda kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hayo maneno hayakuwepo. Yalikuwepo ya kwamba mwenendo umebatilishwa, kesi isikilizwe upya, na mshtakiwa abaki mahabusu akisubiri. Kumwambia yule mama ilinichukua muda.

Kusikilizwa upya nako hakutolewi ovyo. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 msimamo ni kwamba kesi hairudishwi kama ushahidi ulikuwa dhaifu, au kama kuirudisha kutawapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Ndo maana kuna watu wawili wenye kosa la utaratibu linalofanana, mmoja anatoka gerezani na mwingine anarudi kizimbani, na ndugu wanadhani kuna kitu kimetembea. Mara nyingi kilichowatenganisha ni ushahidi uliobaki kwenye faili.

Hilo la ushahidi uliobaki lina mtego wake. Utasikia mtu kijiweni, tena kwa sauti kubwa, PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari) haikusomwa mahakamani kwa hiyo kesi imekufa. Kweli, tangu mwaka 2003 Mahakama ya Rufani imeshika kwamba nyaraka ikipokelewa lazima isomwe mshtakiwa aisikie, isiposomwa inaondolewa kwenye kumbukumbu. Lakini inaondolewa nyaraka, kesi inabaki. Na tangu 2006 mahakama hiyo hiyo inasema kwenye kubaka ushahidi ulio bora ni wa mwathirika mwenyewe. Unganisha hayo mawili: PF3 inatoka, msichana ameaminika, kifungo kinabaki pale pale. Nimeona mrufani anatabasamu majaji wanapotamka kwamba PF3 imeondolewa, na dakika kumi baadaye rufaa yake inatupiliwa mbali.

Dhamana sasa. Mwaka 2018, kwenye kesi iliyofunguliwa na wakili Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kifungu cha 148(4) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kuweka hati ya kuzuia dhamana, kinakwenda kinyume na Katiba. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema hivyo kuhusu 148(5), chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo wa pili, 148(5) ikabaki. (Namba ni za wakati ule.) Mtaani kilichobaki kichwani ni "dhamana ni haki ya kila mtu, mahakama ilishafuta", kwa sababu habari ya Mei ilisambaa sana na ya Agosti ikapita kimya. Hivyo ndugu wa kijana wa unyang'anyi wa silaha wanachanga hela ya dhamana ambayo haipo, na kuna watu wanazipokea hizo hela. Hilo linanikera kuliko yote humu.

Na la Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyefungua kesi kupinga ndoa za mabinti wadogo. Alishinda Mahakama Kuu, na Oktoba 2019 rufaa ya Serikali ilikataliwa na Mahakama ya Rufani, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vikabaki vimetangazwa kinyume na Katiba. Lakini amri ilikuwa Serikali ipewe mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka huo ukapita maneno ya sheria yakiwa vile vile. Kwa hiyo binti wa miaka 15 wa Newala ameshinda kwa majaji wa juu kabisa nchini, na kitabu alichonacho msajili wa ndoa hakijabadilika neno. Nikiulizwa na mtendaji wa kijiji "sasa wakili, ni marufuku au sio marufuku?" namjibu asikubali ndoa hiyo, amshauri mzazi, na kama binti ni mwanafunzi basi Sheria ya Elimu tangu 2016 ina kifungo cha miaka 30 peke yake. Lakini najua nimempa jibu lenye kiraka.

Tungesaidika sana hukumu zikija kwa Kiswahili. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na bado hukumu nyingi za juu tunazipokea kwa Kiingereza, kwa hiyo mzee wa Tandahimba anategemea mjukuu, mjukuu anategemea grupu.

Nilimsomea mzee aya ya mwisho kwa Kiswahili, taratibu, mara mbili. Akanyamaza. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Na maneno ya Bakari je?" Bakari (jina nimempa mimi) ndiye aliyepanda naye safu ya kwanza ya mikorosho, alitoa ushahidi barazani, akafariki rufaa ikiwa Mahakama Kuu. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maneno ya marehemu aliyoyatoa kwenye shauri la awali yatumike, kwa masharti. Wenzetu wa upande wa pili watasema shauri la awali limebatilishwa, kwa hiyo hakuna maneno. Mimi nitasema mwenendo ulibatilika kwa sababu ya wazee wa baraza, Bakari aliapa na alihojiwa na pande zote mbili. Sina uhakika kama mwenyekiti atanikubalia.

Nimewapa kazi mbili kabla ya tarehe ya kutajwa: watoke kwenye shamba mpaka baraza litoe amri ya muda, na watafute yeyote aliye hai aliyekuwepo siku ile miche inapandwa. Mzee amesema yupo dada yake Bakari, Nanyamba, macho hayaoni tena ila kumbukumbu anazo.

Kesho asubuhi tunaenda kumuona.