Chopsi za nguruwe: makaa hayafungii maji ndani

Wachomaji wengi Mombasa huamini nyama ikibabuliwa kwa moto mkali, maji yake hufungiwa ndani. Si kweli. Ukoko hupitisha maji, ndiyo maana nyama huendelea kuchuruzika juu ya jiko. Kinachokausha chopsi ni joto la ndani kupanda mno.

Chopsi ya unene wa sentimita 3 itie chumvi, ifunge kwenye mfuko uliotolewa hewa, izamishe katika maji yanayodumishwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 2. Kisha ifute ikauke kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: uso uliolowa haupiti nyuzi 100 mpaka maji yaishe, na ndani huzidi kuiva kabla rangi haijashika. Makaa yawe mekundu, dakika moja kila upande. Uwaridi kidogo katikati si ubichi. Zile saa 2 zimeshaua vimelea.