Literary Digest haikuangushwa na simu na magari peke yake

Ukigusa tu mambo ya sampuli, yaani kuuliza watu wachache ili kujua maoni ya wengi, lazima mtu akuletee stori ya 1936, kwamba jarida la Literary Digest la Marekani lilitabiri Landon atambwaga Roosevelt kwenye urais, likakosea vibaya kwa sababu majina lilitoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani liliuliza wenye hela tu. Majina mengi yalitoka huko kweli na hilo lilichangia, ila sio kiini.

Walituma kadi za kuuliza watu watampigia kura nani, kama milioni 10, kwa posta, zikarudi milioni 2 na kitu. Yaani zaidi ya robo tatu ya watu walikaa kimya! Sasa 1937 Gallup, shirika la kura za maoni la Marekani, wakauliza watu kama waliipata ile kadi, waliirudisha, na walimpigia nani kura, na mtaalamu wa siasa Peverill Squire alipochambua data hizo 1988 akakuta waliopokea kadi wengi walikuwa wa Roosevelt, hata wenye simu na gari, lakini waliojaza na kurudisha ndio walioegemea kwa Landon. Orodha ile ile ingempata mshindi kama wote wangejibu.

Ndio maana nikiona ripoti ya soko inajisifu kwa maelfu ya majibu ya linki ya WhatsApp, nauliza kwanza waliokaa kimya ni kina nani, maana mteja mwenye hasira anajibu fasta na anayeipenda sana bidhaa pia, wa katikati anapita tu. Bora watu 400 waliochaguliwa kwa nasibu, halafu asiyepokea simu asubuhi unampigia tena jioni, na akigoma kabisa unamtuma mdodosaji mlangoni.